Mto Mmoja, Vipande Vingi: Namna Bonde la Mkondoa Linavyogawanywa kwa Ramani ya Miinuko

Matini ya mada kwa ajili ya mikutano ya wakazi wa kata zilizo kando ya Mto Mkondoa



Mkazi wa Kilosa hana haja ya kuelezwa maana ya mafuriko. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia majumbani, ukaikata Reli ya Kati na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Waliopitia siku zile wanazo kumbukumbu ambazo hakuna takwimu inayoweza kuzifikia. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo huzungumzwa kwa nadra baada ya maji kupungua, nalo ni asili ya maji yenyewe. Sehemu kubwa ya maji yanayopita mjini Kilosa hayakunyesha Kilosa. Yalinyesha katika nchi kavu ya Dodoma na Mpwapwa, na katika milima ya Rubeho na Ukaguru, kisha yakashuka. Ndiyo maana mto unaweza kufurika wakati anga ya mjini ni nyeupe na jua linawaka.

Hapo ndipo yanapozuka maswali ambayo kata yoyote iliyo kando ya mto inapaswa kuyajibu. Ni mvua ya wapi inayopaswa kuwatia watu hofu? Ni mlima upi ukihifadhiwa utapunguza mchanga unaoujaza mto? Ni kijiji kipi kipewe taarifa kwanza, na kipi kina saa chache zaidi za kujiandaa? Maswali haya hayajibiki kwa kuutazama mto ukiwa umesimama darajani. Yanajibika kwa kulijua bonde zima, na bonde zima halijulikani mpaka ligawanywe katika vipande vinavyoeleweka. Mada hii inaeleza namna mgawanyo huo unavyofanyika kwa kutumia data za miinuko za kidijitali, unachoweza kuwapa wananchi, na mahali unapohitaji kusahihishwa nao.

Mipaka ya maji na mipaka ya watu

Tanzania Bara ina mabonde tisa ya usimamizi wa maji: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria. Kila bonde lina Bodi yake ya Maji, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 ndiyo inayoongoza kazi hiyo. Mkondoa umo katika Bonde la Wami/Ruvu. Bonde dogo la Mto Wami pekee lina eneo la takriban kilomita za mraba 43,000, likianzia nyanda kame za Dodoma na kuishia Saadani, mahali mto unapoingia Bahari ya Hindi.

Safari ya maji hayo ni ndefu. Mto Kinyasungwe unakusanya makorongo ya Dodoma, ambayo mengi hukauka kabisa wakati wa kiangazi. Ukikutana na mito ishukayo kutoka milimani, maji yote hupita katika bonde jembamba kwa jina la Mkondoa, yakiongozana na reli iliyojengwa enzi za Wajerumani. Kipande cha reli kati ya Gulwe na Kilosa kimeharibiwa na maji mara nyingi kwa sababu hiyohiyo: reli na mto vinagombea njia moja. Baada ya Kilosa bonde linafunguka, maji yanatawanyika katika uwanda wa Mkata, kisha yanakusanyika tena kwa jina la Wami, yanapita Dakawa kwenye mashamba ya mpunga, na kuendelea hadi pwani.

Katika safari hiyo maji hayatambui mkoa wala wilaya. Mlima mmoja unaweza kuwa na kijiji kimoja juu yake, lakini mvua inayonyesha upande wa magharibi wa mgongo wa mlima ikaenda mto mmoja, na inayonyesha upande wa mashariki ikaenda mto mwingine. Vilevile, vijiji viwili visivyojuana, vilivyo katika mikoa miwili tofauti, vinaweza kuwa watu wa mto mmoja. Tope linalotoka shambani kwa mmoja likalala mlangoni kwa mwenzake. Mtaalamu wa maji huuita mstari unaotenganisha mikondo hiyo mpaka wa kidakio, kwa maana kwamba eneo lililo ndani yake hudaka mvua na kuipeleka mahali pamoja. Kidakio kikubwa kina vidakio vidogo ndani yake, na hivyo vina vingine vidogo zaidi, kama mti wenye matawi na vijiti.

Ramani iliyopigwa kutoka angani

Zamani mpaka wa kidakio ulichorwa kwa mkono juu ya ramani ya karatasi. Mchoraji alifuata mistari ya miinuko, akatafuta migongo ya milima, akapitisha penseli yake. Kazi hiyo ilihitaji jicho lililozoea na muda mrefu, na watu wawili hawakuchora mstari uleule. Leo sehemu kubwa ya kazi inafanywa na kompyuta, kwa sababu miinuko ya ardhi imekwisha kuandikwa kwa namba.

Data zinazotumiwa sana zilikusanywa Februari 2000, wakati chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilipoizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa kimebeba rada. Rada hiyo ilipima kimo cha sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia. Matokeo yake ni kama sakafu iliyotandikwa vigae: ardhi imegawanywa katika viraba vyenye upande wa takriban mita 30, na kila kiraba kimepewa namba moja tu, yaani kimo chake kutoka usawa wa bahari. Data hizo hutolewa bure, na ofisi yoyote yenye kompyuta na intaneti inaweza kuzipata.

Inafaa kuona ukubwa wa jambo hili. Kiraba kimoja kina mita za mraba 900, sawa na kiwanja kikubwa cha nyumba. Kilomita moja ya mraba ina viraba vipatavyo 1,111. Bonde dogo la Wami lote lina karibu viraba milioni 48. Hakuna mtu awezaye kuvisoma kimoja kimoja, bali kompyuta huvisoma vyote kwa kufuata kanuni chache ambazo mkulima yeyote aliyewahi kuchimba mfereji atazitambua.

Hatua za kugawa bonde

Hatua ya kwanza ni kuziba mashimo ya uongo. Rada hukosea hapa na pale, ikaonyesha kiraba kimoja kiko chini kuliko vyote vinavyokizunguka. Kompyuta ikiachwa na shimo la namna hiyo, itadhani maji yote yanaingia humo na kutoweka. Kwa hiyo shimo hujazwa mpaka maji yapate pa kutokea. Hapa uangalifu unahitajika, kwa kuwa yako mashimo ya kweli, kama vile mabwawa na mbuga zinazotuama maji, ambayo hayapaswi kufukiwa na kompyuta.

Hatua ya pili ni kutafuta mwelekeo wa mtiririko. Kila kiraba kina majirani wanane. Kompyuta huuliza: tone la maji likidondoka hapa, litaelekea kwa jirani yupi? Jibu ni jirani mwenye mteremko mkali kuliko wote. Tuseme kiraba cha katikati kina kimo cha mita 512. Jirani wa mashariki ana mita 509, na jirani wa kusini-mashariki, aliyeko pembeni, ana mita 508. Kwa haraka mtu atasema maji yatakwenda kwa yule wa 508 kwa kuwa yuko chini zaidi. Lakini umbali wa kufika kwa jirani wa mashariki ni mita 30, na umbali wa kufika kwa yule wa pembeni ni mita 42 na ushei. Mteremko wa mita 3 katika mita 30 ni mkali kuliko mteremko wa mita 4 katika mita 42. Basi maji yanakwenda mashariki.

Hatua ya tatu ni kuhesabu mkusanyiko. Kila kiraba kikishajua kinakopeleka maji yake, kompyuta huhesabu ni viraba vingapi vya juu vinavyomiminia kila kiraba. Kiraba kilicho kileleni mwa mlima hakipokei kutoka kwa yeyote. Kilicho chini yake hupokea kutoka viwili au vitatu, na kinachofuata hupokea vya hao wote. Haba na haba hujaza kibaba, na namba hukua mpaka kufikia mamia ya maelfu. Mahali namba zilipo kubwa ndipo korongo au mto ulipo, hata kama hakuna mtu aliyeichora mito hiyo kwenye ramani.

Hatua ya nne ni kuchagua kizingiti, yaani kuamua ni kiasi gani cha ardhi kinatosha kuuita mkondo fulani mto. Kizingiti kikiwa kilomita za mraba 10, sawa na viraba vipatavyo 11,000, ramani itajaa vijito vingi. Kikiwa kilomita za mraba 100, itabaki mito mikubwa tu. Kompyuta haiwezi kuamua jambo hili yenyewe. Anayeamua ni binadamu, kwa kutazama kazi inayokusudiwa.

Hatua ya tano ni kuweka milango. Mlango ni mahali kwenye mto ambapo mpimaji anataka kujua maji yanayopita. Kompyuta hupanda kutoka mlangoni kwenda juu, ikakusanya kila kiraba kinachopeleka maji hapo, na eneo lote lililokusanywa huwa kidakio kimoja. Milango ikiwekwa kila mahali mito miwili inapokutana, bonde zima hugawanyika lenyewe katika vidakio vidogo vinavyopokezana maji, wa juu akimkabidhi wa chini.

Hatua ya sita ni kugawa kila kidakio kidogo kwa kuzingatia tabia ya ardhi. Ndani ya kidakio kimoja huweza kuwapo msitu, shamba la mahindi, malisho na makazi; udongo wa kichanga na wa mfinyanzi; mteremko mkali na tambarare. Sehemu zote zenye matumizi sawa, udongo sawa na mteremko sawa huwekwa katika kundi moja, kwa kuwa mvua ikinyesha juu yake zitatenda jambo moja. Modeli ijulikanayo kwa jina la SWAT, iliyotungwa na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani na inayotolewa bure, hufanya kazi kwa mtindo huu na imetumiwa katika mabonde mengi ya Afrika.

Kwa nini vipande, na kwa nini si kimoja

Mtu anaweza kuuliza faida ya kazi hii yote, ilhali mto ni mmoja na mvua ni ileile. Hesabu ndogo itatoa jibu. Tuchukue kidakio cha kilomita za mraba 100. Mvua ikinyesha, na baada ya udongo kunywa sehemu yake yakabaki juu ya ardhi maji yenye kina cha milimita 20 tu, kiasi hicho ni mita za ujazo 2,000,000. Yakishuka mtoni kwa muda wa saa 6, kwa wastani zitapita mlangoni karibu mita za ujazo 93 kila sekunde. Maji yaleyale, yakicheleweshwa na nyasi, miti, makinga maji na ardhi iliyolimwa kwa kufuata kontua hata yakachukua saa 12, yatapita kwa wastani wa mita za ujazo 46 tu kila sekunde. Mvua haikupungua hata tone, ila kina cha mto darajani ni tofauti kabisa.

Sasa tufikirie vidakio kadhaa vya namna hiyo vinavyomiminika katika mto mmoja. Vikifikisha maji yao kwa zamu, mto utajaa kiasi na kupungua. Vikiyafikisha kwa wakati mmoja, ndipo kingo hupasuka. Anayelitazama bonde kama kitu kimoja hawezi kuona tofauti hiyo. Anayelitazama kwa vipande ataona kidakio kipi kina mwendo wa haraka, kipi kinabeba mchanga mwingi, na kipi kinastahili kuhudumiwa kwanza iwapo fedha ni chache. Na fedha za umma ni chache siku zote.

Hata hivyo, vipande visizidi kiasi. Bonde dogo la Wami likigawanywa katika vipande vya wastani wa kilomita za mraba 1,000, kutakuwa na vipande vipatavyo 43. Likigawanywa kwa kilomita za mraba 100, vitafika 430 hivi. Kila kipande kinahitaji takwimu za mvua, udongo na matumizi ya ardhi. Panapokuwa na vipimamvua vichache, kuongeza vipande hakuongezi maarifa. Kunaongeza makisio yaliyovikwa sura ya uhakika. Ramani yenye vipande vingi hupendeza machoni, lakini kipimo chake ni kimoja: je, maji inayoyatabiri yanalingana na maji yaliyopimwa mtoni?

Kwa sababu hiyo mahali pa kuweka milango pana uzito mkubwa. Mlango ukiwekwa kwenye kituo cha kupimia mtiririko, utabiri unaweza kulinganishwa na kipimo. Ukiwekwa kwenye bwawa, kama lile la Hombolo lililo juu kabisa katika mkoa wa Dodoma, utaonyesha bwawa linazuia nini na linaachia nini. Ukiwekwa darajani, kwenye banio la skimu ya umwagiliaji, au kwenye mkondo ulio jirani na shule, utajibu swali ambalo wananchi wenyewe wanauliza. Anayejua maswali hayo ni mkazi, na ndiyo maana milango haifai kuchaguliwa na mtu aliyekaa ofisini peke yake.

Mahali ramani inapokosea

Ramani hii, pamoja na sifa zake zote, inayo makosa yake, na ni haki ya mwananchi kuyafahamu.

Kwanza, rada iliona kilele cha miti badala ya ardhi iliyo chini yake. Penye msitu mnene kimo kimeandikwa kikubwa kuliko ardhi ilivyo. Pili, makosa ya kimo huweza kufikia mita kadhaa. Mlimani kosa hilo si kitu, kwa kuwa mteremko ni wa mamia ya mita. Katika uwanda kama wa Mkata, ambako ardhi hushuka kidogo sana kwa umbali mrefu, kosa la mita kadhaa linatosha kuupeleka mto mahali usikopita. Wataalamu hujaribu kurekebisha kwa kuchimba kwa namba njia ya mto inayojulikana, ili kompyuta ilazimike kuifuata. Lakini lazima kwanza awepo anayeijua njia hiyo.

Tatu, tuta la reli na la barabara huonekana na kompyuta kama ukuta. Kompyuta haioni karavati lililo chini ya tuta wala uwazi wa daraja. Hivyo huweza kuyageuza maji yafuate tuta hadi kidakio kingine, ilhali kila mtoto wa kijijini anajua kwamba maji hupita chini ya reli. Nne, data ni za mwaka 2000. Tangu hapo makorongo mapya yamechimbika, mchanga umejaa mitoni na mito imehama. Mto uliopimwa mwaka 2000 si lazima uwe mto wa leo.

Makosa haya yana gharama. Mpaka wa kidakio ukipitishwa upande usio wake wa korongo moja, kitongoji kinachopaswa kupewa tahadhari kinaweza kuachwa nje ya orodha, na kisichohusika kikahamishwa usiku bila sababu. Watu waliohamishwa mara mbili bila maji kuja, mara ya tatu hawatahama. Kwa hiyo kusahihisha ramani ni sehemu ya kuokoa maisha.

Hofu ya wananchi na somo la Uluguru

Yako mashaka ambayo husikika kila ramani inapotajwa vijijini, nayo yanastahili kujibiwa wazi. Je, ramani hii itatumika kuwaondoa watu?

Ramani ya vidakio haibadilishi mpaka wa kijiji, haimpi mtu hati wala haimnyang'anyi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na mipango ya matumizi yake hupangwa chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007, ambayo inaupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi yake. Katazo la kufanya shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto nalo halikuletwa na kompyuta. Limo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Pamoja na hayo, haitakuwa uungwana kusema kwamba ramani haina athari yoyote. Inaweza kuonyesha kuwa shamba fulani liko katika njia ya maji, au kuwa mteremko fulani unatoa mchanga mwingi kuliko yote. Jambo likishaonekana haliwezi kufichwa, na litadai uamuzi.

Namna uamuzi huo unavyofikiwa ndiyo inayoleta heri au shari, na mkoa wa Morogoro una historia ya kufundisha. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuhifadhi ardhi katika milima ya Uluguru. Wananchi walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi matuta yalifukua udongo usio na rutuba na kuufukia ule wenye rutuba, hata mavuno hayakulipa jasho lililotoka. Upinzani ulikua, na mwaka 1955 ghasia zilizuka na mpango ukaachwa. Milima ilibaki na mmomonyoko wake, na wananchi wakabaki na chuki dhidi ya neno hifadhi.

Masomo ni mawili. La kwanza ni kwamba dawa moja haifai kila mteremko. Kugawa bonde katika vipande kwa udongo, mteremko na matumizi ya ardhi kunasaidia kuepuka kosa hilohilo, kwa kuwa kila kipande hutafutiwa tiba yake: mahali pengine matuta, pengine majani ya malisho kwenye kontua, pengine miti, na pengine kuacha ardhi ipumzike. La pili ni kwamba hakuna hifadhi inayodumu bila ridhaa ya anayeishi juu ya ardhi hiyo.

Liko pia suala la haki kati ya wa juu na wa chini. Mkulima wa mlimani akiacha kulima mteremko mkali, anayepata nafuu ni mkazi wa mjini ambaye nyumba yake haitaingiwa na tope. Mkulima huyo amepoteza magunia, na mwenzake amepata usalama. Ramani ya vidakio inaonyesha uhusiano huo kwa uwazi usioweza kukanushwa: tope hili limetoka pale. Lakini inaonyesha pia deni linalokwenda upande wa pili, yaani wajibu wa walio chini kuwasaidia walio juu kwa miche, utaalamu, barabara ya kufikisha mazao sokoni na njia nyingine ya kupata riziki. Mazungumzo hayo yanayo mahali pake katika Jumuiya za Watumia Maji na Kamati za Vidakio, na mwenye ramani mkononi huzungumza vizuri zaidi kuliko mwenye lawama peke yake.

Mchango wa mkazi

Mambo yafuatayo hayahitaji kompyuta, na bila hayo kompyuta haiwezi kufanya kazi yake.

Alama za mafuriko. Nyumba nyingi, miti na nguzo bado zina alama ya mahali maji yalipofika. Mkazi anayeijua alama na mwaka wake aionyeshe kwa mtendaji wa kijiji kabla ukuta haujapakwa chokaa. Alama moja ya kweli huipima modeli kuliko kurasa nyingi za makisio.

Majina na njia za makorongo. Wazee wanajua korongo lililokuwapo, lililohama na lililofukiwa. Majina hayo na njia hizo ziandikwe katika daftari la kijiji, pamoja na makaravati yaliyo chini ya reli na barabara.

Ulinzi wa vipimo. Bango la kupimia kina cha maji lililosimikwa mtoni na kipimamvua kilichofungwa shuleni ni mali ya umma. Chuma chake kikiuzwa kama chakavu, thamani yake ni ndogo sana. Kumbukumbu iliyokatika haiwezi kununuliwa tena. Miaka ya vipimo vilivyopotea hairudi.

Taarifa kutoka juu. Vijiji vya juu na vya chini vya mto mmoja vibadilishane namba za simu za viongozi wao. Ramani ikishaonyesha nani yuko juu ya nani, simu moja iliyopigwa mapema inaweza kufika kabla ya maji.

Ushiriki. Wataalamu wa bodi ya bonde wanapofika kijijini kuhakiki ramani, mkutano usiachiwe viongozi pekee. Mvuvi, mchunga ng'ombe, mama anayechota maji na kijana anayechimba mchanga wote wanaujua mto kwa upande wao.

Ndugu wananchi, Mkondoa utaendelea kuleta maji ya Dodoma na ya milimani kama ulivyofanya kabla ya reli, kabla ya mji na kabla ya wilaya. Hakuna ramani itakayouzuia. Ramani inaweza kusema ni mvua ipi inakuja kwa nani na kwa kiasi gani, na ni mteremko upi ukihudumiwa utapunguza madhara. Mengine yatategemea maamuzi ya mikutano kama hii, katika vijiji vya juu na vya chini. Tahadhari kabla ya hatari. Na hatari ya watu wanaotumia mto mmoja ni moja, hata kama kata zao ni nyingi.